Je, Ni Dhambi Kuuza Mahindi Haya?

Swali nililoliweka hapo juu si langu. Nililetewa na mama mmoja wa Katanga, aliyekuja hapa Kisangani kumzika kaka yake. Baada ya Misa ya pili alinisubiri chini ya mwembe, akanipa mkono, akasema, "Mwalimu, mimi ni mgeni hapa, hakuna anijuaye. Kwa hiyo ni vyepesi kwangu kuuliza neno ambalo kwetu naliogopa."

Mama huyu ana shamba la mahindi karibu na mahali palipoyeyushwa madini kwa miaka mingi. Jina la mji na la kiwanda sitalitaja, maana yeye mwenyewe aliniomba nisilitaje. Amelima hapo miaka kumi na mitano, na kwa mahindi hayo amesomesha watoto wanne. Kisha siku moja wakaja vijana wenye mifuko midogo, wakachota udongo, wakavunja mahindi matatu manne, wakaenda zao. Baada ya miezi wakarudi na habari: "Mama, udongo wako una risasi na kadimiamu kupita kiasi. Afadhali usilime chakula hapa."

Mahindi yenyewe ni mazuri. Yamenona, meupe, hayana fukusi. Sokoni huisha kabla ya jua kuwa kali. "Basi, Mwalimu," aliniuliza, "nikiyauza natenda dhambi?"

Nilimjibu upesi, kama mtu aliyeulizwa idadi ya sakramenti. Nikasema: ndiyo, mama, ukijua yana sumu ukayauza, watenda dhambi. Sidhani hata leo kwamba jibu lilikuwa la uwongo. Lakini lilitoka mdomoni kabla sijafikiri, na aliyonijibu yeye yalinionyesha hivyo. Nitayasimulia kwa zamu yake. Kwanza yafaa tuijue sumu yenyewe, kwa sababu wengi wetu tukisikia neno hilo twafikiri juu ya kitu chenye harufu, chenye uchungu ulimini, kimwangushacho mtu siku ile ile.

Sumu hii si hivyo. Risasi, kadimiamu, zebaki, arseniki, hayo ni madini, hayaozi. Mzoga huoza, dawa nyingi za wadudu hatimaye huvunjika kwa jua na mvua, lakini risasi iliyoanguka shambani siku za babu yako ipo hapo mpaka leo, nayo itamngojea mjukuu wako. Mmea hauwezi kuyachagua vizuri. Kadimiamu yafanana sana na zinki, ambayo ni chakula cha mmea, basi mzizi huipokea kama mwenye nyumba ampokeavyo mgeni aliyevaa nguo za ndugu yake. Udongo ukiwa mchachu huingia upesi zaidi. Na mwili wetu hudanganyika vile vile: huichukua risasi kama chokaa ya mifupa, ukaiweka akiba mifupani. Kadimiamu hukaa katika figo miaka kumi, hata thelathini. Haba na haba hujaza kibaba, husema wazee. Hapa kibaba ni figo la mtu.

Kadiri yenyewe ni ndogo ajabu. Kanuni za chakula za mataifa, ziitwazo Codex, zaruhusu katika kilo moja ya mahindi miligramu 0.1 tu ya kadimiamu, na ya risasi 0.2. Pigeni hesabu: katika gunia la kilo 100 kadimiamu yote inayoruhusiwa ni miligramu 10, uzito usiofikia ule wa punje moja ya mchele. Ni jicho gani litakaloiona? Na risasi, madaktari wa Shirika la Afya la Dunia wasema hakijulikani kipimo cho chote kisichodhuru, hasa kwa mtoto, ambaye huipunguzia akili yake kabla hajajua kusoma.

Nafaka zenyewe hazilingani. Mchele hupenda kunywa arseniki kuliko ndugu zake, kwa kuwa mahali pengi hulimwa ndani ya maji, na udongo uliofunikwa na maji huifungua arseniki. Mpunga wetu wa Tshopo, wa Isangi, wa Yangambi, wa Bengamisa, hulimwa nchi kavu kwa mvua; hapo arseniki hupungua, lakini udongo mkavu na mchachu huifungua kadimiamu, kama imo. Punje ya mahindi hupokea kidogo kuliko majani. Mwenye kula lengalenga zilizoota penye udongo mchafu huenda akala sumu nyingi kuliko mwenye kula ugali wa hapo hapo. Neno hili mlishike, maana nitalirudia.

Katika nchi yetu mambo haya si hadithi. Shaba ilianza kuyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911, na moshi wa dohani lile kubwa ulianguka juu ya bustani za watu vizazi kwa vizazi. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza waliyoyakuta walipopima mkojo wa watu wa Katanga. Wakaao chini ya kilometa 3 kutoka machimbo au viwanda walikuwa na kobalti nyingi kiasi ambacho wataalamu hao hawakupata kukisoma po pote kwa watu wasio wafanya kazi wa migodi. Risasi na kadimiamu nazo zilikuwa nyingi. Mwaka 2014 huko Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakachimba sebuleni na uani. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto ndio waliozidi kuwa nayo mwilini. Kwa wakubwa njia kubwa ya sumu ni chakula kilimwacho hapo; kwa watoto vumbi huongeza sehemu kubwa, kwa sababu mtoto hucheza chini na kutia mkono kinywani.

Sisi wa Kisangani tusiseme kwamba hayo ni ya watu wa kusini. Maji yapitayo kwa wavuvi wa Wagenia yaitwa Lualaba yakiwa bado kule juu, na Kolwezi ni nchi ya mto huo huo. Ni kweli njia ni ndefu, na maziwa ya Upemba hushika matope mengi. Lakini tunao wana wetu waendao kutafuta dhahabu Bafwasende na Banalia, na dhahabu ya mchimbaji mdogo hukusanywa kwa zebaki. Mara ngapi kijana amerudi nyumbani na donge lake la zebaki na dhahabu, akalichoma jikoni penye moto wa mama yake, mpunga ukiwa umeanikwa hatua tano kutoka hapo? Moshi ule hauna rangi ya kutisha. Huko Guizhou, katika China, penye machimbo ya zamani ya zebaki, wataalamu walifikiri watu huipata kwa kula samaki. Walipopima wakakuta yatoka zaidi katika wali.

Nitawasimulia habari mbili za mbali, kwa kuwa zilifika mwisho wake, na mwisho hufundisha.

Ya kwanza ni ya Japani, jimbo la Toyama. Mto Jinzu ulipokea mabaki ya mgodi wa zinki wa Kamioka, na wakulima wakamwagilia mpunga wao kwa maji ya mto. Baadaye wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, wakaanza kuumwa mifupa. Mifupa ililainika ikavunjika, kwa wengine hata kwa kukohoa tu. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, maana yake ni "inauma, inauma", kwa kuwa ndivyo walivyolia. Daktari mmoja wa hapo, Noboru Hagino, alisema mnamo 1957 kwamba chanzo ni mgodi, na wengi wakamcheka. Serikali ilikubali mwaka 1968. Wagonjwa wakaenda mahakamani, wakashinda mwaka 1971, na tena katika rufani mwaka 1972. Kisha kazi ya kubadilisha udongo wa mashamba, tabaka kwa tabaka, ikaendelea mpaka mwaka 2012. Angalieni muda huo: mtoto aliyezaliwa siku ya hukumu ya kwanza alikuwa na miaka arobaini shamba la mwisho liliporudishwa.

Ya pili ni ya Iraki, nayo yanisumbua zaidi. Mwaka 1971, baada ya ukame, serikali ilileta ngano na shayiri ya mbegu kutoka Meksiko na Marekani. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa ya zebaki ili zisishikwe na ukungu, na zikatiwa rangi nyekundu iwe onyo. Maonyo ya maandishi yalikuwa kwa lugha za kigeni. Magunia yalifika vijijini wakati kupanda kumekwisha, na watu walikuwa na njaa. Wakafanya nini? Waliosha ile ngano. Rangi ikatoka, wakadhani sumu imetoka. Wengine, watu wenye busara kabisa, waliwapa kuku kwanza, wakangoja siku kadhaa, kuku hawakufa. Basi wakasaga, wakaoka mikate. Zebaki hiyo hungoja majuma kabla ya kuonyesha meno yake. Watu 6,530 walilazwa hospitali, na 459 wakafia humo. Waliofia nyumbani hawamo katika hesabu hiyo.

Nasema yanisumbua, kwa kuwa wakulima wale walifanya yote ambayo mimi na wewe tungefanya. Waliosha, walijaribu, walingoja. Hakuna padri ambaye angewahesabia dhambi. Katika seminari tulifundishwa kwamba ujinga ni wa namna mbalimbali. Upo ujinga usioshindika, nao humwondolea mtu hatia. Upo ujinga ambao mtu angeweza kuuondoa kwa kuuliza, asiulize. Huo una hatia yake. Na upo ujinga wa kujitakia, wa mtu akataaye makusudi kujua ili atende kwa raha. Huo, asema Mtakatifu Tomaso wa Akwino, huweza kuiongeza dhambi badala ya kuipunguza. Mwenye kiwanda asiyetaka udongo wa jirani zake upimwe, na mkubwa wa serikali aifungiaye karatasi ya vipimo sandukuni, wasije wakasema hawakujua. Walilipia kutojua kwao.

Lakini mama yangu wa Katanga hakuwa tena mjinga wa namna yo yote. Aliambiwa. Je, kwake?

Mtakatifu Tomaso aliandika kuhusu mwuzaji mwenye kitu chenye kasoro. Anasema kasoro ikiwa wazi, kama farasi mwenye jicho moja, mwuzaji halazimiki kuitangaza, ikiwa bei aliipunguza ipasavyo. Ikiwa imefichika, tena yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, yampasa aiseme. Na kati ya mifano yake ametaja chakula kilichooza au chenye sumu kiuzwacho kama chema. Miaka mia saba na zaidi imepita tangu aandike hayo, na waona ni kama alikuwa amesimama katika soko letu kuu. Yeye huyo anajadili pia kisa cha zamani, kilichoandikwa na Cicero wa Roma: mfanya biashara amefika na nafaka katika kisiwa cha Rhodes penye njaa, naye ajua merikebu nyingine zaja nyuma. Je, lazima aseme, bei ianguke? Tomaso ajibu kwamba halazimiki kwa haki, ingawa akisema ni wema zaidi. Tofauti ya visa hivi viwili ndiyo niliyomweleza mama. Yule wa Rhodes anaficha habari ya bei ya kesho. Wewe, mama, waficha kilichomo ndani ya chakula chenyewe.

Hapo akanijibu. Alisema kwa upole, macho yake chini: "Vema, Mwalimu. Nitamwambia mnunuzi. Hatanunua. Gunia litarudi nyumbani, na nyumbani hamna kitu kingine. Basi watakaolikula ni wanangu. Je, hiyo si dhambi?"

Wasomaji, nilinyamaza. Nilikuwa nimeilinda roho yake kwa kuwapa watoto wake lile gunia.

Wako wengine watakaoniambia, "Mwalimu, wajitesa bure. Sahani moja ya ugali haimwui mtu. Gunia lake moja ni nini katika soko zima? Mtu akiugua figo baada ya miaka ishirini, nani atasema ni mahindi ya mama huyu?" Neno hili lina nguvu, tusilidharau. Amri ya tano tumezoea kuiwaza kwa panga na bunduki, penye mwuaji mmoja na mwuawa mmoja. Hapa hakuna tendo moja uwezalo kulinyoshea kidole ukasema, hili ndilo lililoua.

Lakini sisi watu wa mto twajua jambo hili kuliko wenye vitabu. Mashua zetu zishukazo na kupanda mto huu, ni mara ngapi zimezama kwa kupakiwa kupita kiasi? Waulize walionusurika: nani aliizamisha? Mwenye magunia matatu ya mchele atasema, si mimi, yalikuwa matatu tu. Mwenye mkungu wa ndizi, mwenye mbuzi, mama mwenye mtoto mgongoni, kila mmoja atasema si mimi, na kila mmoja atakuwa amesema kweli. Hata hivyo mashua imezama, na watu wamekufa. Kwa hiyo si kweli kwamba uzito mdogo si kitu. Ni kweli tu kwamba wenye uzito mdogo hawana hatia sawa na nahodha, aliyeona ubavu wa mashua ukigusa maji akaendelea kupokea nauli. Wala na mwenye mashua, aliyelala mjini huku akihesabu fedha.

Mfano huu ulinisaidia. Mimi nilikuwa nimemwendea abiria mwenye kifurushi, nikampa mzigo wote wa kuzama. Mama huyu hakuumwaga ule moshi. Waliojenga, waliochuma faida, walioondoka bila kusafisha, hao ndio wenye deni, na deni la namna hiyo katika mafundisho yetu haliishi kwa kuungama tu: aliyeharibu mali ya mwenziwe yampasa kuirudisha. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alisema kwamba mataifa tajiri yana deni kwa maskini juu ya nchi iliyoharibiwa, akataja kwa jina zebaki ya machimbo ya dhahabu na moshi wa kiberiti wa machimbo ya shaba. Na mimi niandikaye haya nina simu mfukoni, yenye kobalti ndani yake. Sijui kama nahesabiwa kati ya wenye kifurushi au kati ya waliokula nauli.

Hata hivyo abiria naye ana neno la kujibu. Deni la mkubwa halimpi mdogo ruhusa ya kulisukuma kwa mdogo mwenzake, na anunuaye mahindi ya kopo moja jioni si tajiri. Kwa hiyo sikulifuta jibu langu. Nililiongeza. Nilimwambia: mama, kutouza ni sehemu yako, lakini kukupatia shamba jingine si sehemu yako peke yako. Ni sehemu ya wakristo wenzako, nao hawawezi kuifanya wasipojua. Umenyamaza kwa aibu na kwa kuwaogopa wanunuzi. Nenda kwa padri wako, mweleze mbele ya baraza la parokia, uombe kipande cha nchi upande upepo usikotoka kiwandani. Wakikuambia hapana, hapo ndipo dhambi itakapobadili mwenyewe.

Tukazungumza pia mambo madogo, maana njaa haingoji baraza. Nilimwambia alivyonieleza mganga mmoja wa zahanati: aache kwanza kuchuma mboga za majani hapo, kwa kuwa majani hubeba sumu kuliko punje. Asianike mahindi juu ya udongo mtupu wala kando ya barabara, atandike turubai. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, na vumbi la nyumbani lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kupeperushwa kwa ufagio. Chokaa, au majivu ya kuni, hupunguza uchachu wa udongo, na kadimiamu haipandi upesi. Mwenye wali wa arseniki apike kwa maji mengi, kisha ayamwage, badala ya kuyakausha sufuriani kama tulivyozoea. Sehemu kubwa ya arseniki huondoka pamoja nayo. Yote haya hupunguza tu. Kuosha hakuondoi kilichoingia ndani ya punje. Watu wa Iraki walilipia somo hilo.

Alisikiliza, akaandika mawili matatu nyuma ya karatasi ya ratiba ya mazishi. Kisha akauliza kama ningethubutu kusema mbele ya watu wa kwetu hapa, juu ya wana wetu na zebaki yao, haya niliyomwambia yeye asiseme kwa siri. Niliahidi. Jumapili iliyofuata nilisema, na kijana mmoja mchimbaji, mwimbaji wetu wa kwaya, alitoka nje kabla sijamaliza. Mama yake alibaki. Baadaye alinijia kuuliza ile sufuria ya kuchomea donge aitupe wapi, maana akiitupa jalalani mwingine ataiokota.

Mama wa Katanga alinipigia simu kabla ya mvua za mwaka huu. Parokia yao imempa nusu eka karibu na grotto ya Bikira Maria, nchi yenye mawe, lakini mahindi yameota. Shamba la zamani amelipanda miti ya kuni. Upande wa chini, penye mpaka, jirani aliona nafasi imebaki wazi, akatia mahindi yake mistari minne. Amemwambia habari zote. Jirani akamjibu kwamba ana watoto sita.